Mstari Nisiousoma

Nilikuwa nimekwisha kumwambia mke wangu kwamba hatakwenda tena mtoni. Kisima kilikuwa tayari, pampu imetiwa, na paneli tatu za jua zilizofuatana zilitoa volti 110 hivi. Ilibaki kazi moja ndogo: tangi likijaa, pampu isimame yenyewe.

Kazi hiyo nikaipa rele, kisanduku kidogo kuliko kibiriti. Ndani mna waya uliosokotwa juu ya chuma. Betri ikiutia umeme, chuma hugeuka sumaku, huvuta kibamba, na vidole viwili vya madini hugusana, umeme wa pampu ukapata njia. Boya la tangi likipanda, hukata umeme wa betri, na vidole huachana. Juu ya kisanduku nilisoma: 12 V. Hiyo ni nguvu ya kuiamsha rele yenyewe, si ya pampu; hapo sikukosea. Kisha: 10 A 250 V AC. Pampu yangu hutumia ampea 4. Nikafurahi, wala sikusoma mstari wa chini: 10 A 30 V DC, maana yake mkondo mnyofu, na umeme wa jua ndio huo.

Siku ya kwanza tangi lilijaa, nasi tuko shambani. Vidole vikaachana, lakini cheche haikuzimika. Umeme wa mjini, wa mizunguko 50, hupita sifuri mara 100 kila sekunde, na kila mara cheche hupata nafasi ya kufa. Umeme wa jua hauna pumziko hilo. Cheche ikaviyeyusha vidole, vikashikamana, maji yakamwagika mpaka jioni. Tuliporudi, ukuta wa jirani yetu, mama mjane, uliojengwa kwa matofali mabichi, ulikuwa umelala chini. Watoto wake walikuwa nje, Mungu asifiwe.

Nilimwendea, nikaanza kumweleza habari za cheche.

«Baba,» akasema, «mimi nauliza ukuta.»

Tuliujenga upya kwa majuma mawili. Fundi mmoja akanionya pia kwamba mota, inapoanza, hunywa mkondo mara kadhaa kuliko kawaida yake. Basi hata zile ampea 4 sikuzihesabu vema. Sasa ninayo rele yenye sumaku ndogo inayoisukuma cheche hata ikatike, nayo imeandikwa 250 V DC. Hata hivyo, tangi likikaribia kujaa, jirani hutoka nje akalitazama.