Mbele ya Kuuza Mashini ya Mama

Pengine katika kambi yenu kungali Coccinelle moja, ile Volkswagen ya zamani yenye injini nyuma. Za mwisho zilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003; basi hata iliyo kijana imepita miaka 20. Asubuhi baba anageuza ufunguo: tak! Kiisha kimya. Kila mpita njia anasema, «Batri imekufa, mununue ingine.»

Jamaa moja ninayoijua walikuwa wakitafuta mnunuzi wa mashini ya kushonea ya mama, juu ya kupata bei ya batri. Na ile mashini ndiyo ililipa masomo ya watoto! Nikawaomba wangoje siku moja tu.

Mimi si fundi wa kazi, lakini jambo hili halina siri. Umeme unatoka batri, chini ya kiti cha nyuma, unapita kable nene mpaka demareri, kiisha unarudi batri kwa njia ya chuma cha gari. Ile njia ya kurudi mafundi wetu wanaiita masi. Watu wanaangalia ya kwenda, ya kurudi wanaisahau. Sasa injini ya Coccinelle na sanduku la gia vinakaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kuna mkanda wa nyaya za kusukwa unaofunga sanduku la gia na bodi. Mkanda ukioza, umeme wa demareri unatafuta njia ya wizi, hata katika kable ya akseleta, nayo inaweza kupata moto kabisa.

Ufanye hivi. Gia katikati, breki ya mkono juu. Washa taa za mbele, kijana ageuze ufunguo. Taa zikififia sana, batri imechoka ao vichwa vyake vimeota ule unga mweupe na kijani. Usafishe kwanza kwa msasa, ukaze. Lakini taa zikibaki kali na demareri haizunguki, usilaumu batri mbio. Kamata kable nene ya kusaidiana, ufunge kutoka alama ya kutoa (−) ya batri mpaka chuma kitupu cha injini. Ikiwaka, masi ndiyo mgonjwa. Isipowaka, fuata waya mwembamba unaotoka kwa ufunguo kwenda demareri.

Kwa ile jamaa iliwaka mara moja! Mkanda ulibakia nyuzi tatu tu. Kipande cha kable na bolti mbili havikufika bei ya kuku, na mama angali anashona.

Tena neno moja: ukifungua, toa upande wa kutoa wa kwanza, uurudishe wa mwisho. Na kifuniko cha batri kisipotee. Mtu mzito akikaa nyuma, chuma za kiti zinaweza kugusa vichwa vya batri, na gari ikawaka moto watoto wakiwa ndani.