Saa za Rubani

Neno rubani ni kongwe kuliko ndege. Wazee wa pwani walimwita hivyo mtu aliyejua miamba na mikondo, akakiongoza chombo mpaka bandarini. Ndege zilipokuja, lugha yetu haikuhangaika kutafuta neno jipya; ilimtoa rubani baharini ikamkalisha angani. Heshima yake ilikua, lakini shida ya kazi ilibaki ile ile: hakuna tajiri akabidhiye chombo chake kwa mtu asiyejulikana amesafiri mara ngapi.

Sisi twakaa Kisongo, magharibi ya mji wa Arusha, jirani na uwanja mdogo wa ndege. Mahali hapa pako karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Jua likipanda, ndege hukimbia mbio ndefu kabla ya kuiacha ardhi. Kila asubuhi Cessna Caravan, ndege za injini moja, huondoka na watalii kwenda Manyara, Seronera na Kogatende. Binti wa kaka yangu alizitazama tangu utoto, na mwaka 2018, alipomaliza kidato cha sita, alimwambia baba yake kwamba hataki kazi nyingine.

Kaka yangu alikuwa na kihamba cha migomba na kahawa katika mteremko wa Mlima Meru, urithi wa baba yetu. Ardhi ya Meru ni haba na watu ni wengi. Auzaye kihamba hauzi udongo tu, auza na mahali pa kuzikwa. Aliniita tushauriane. Alikuwa amesikia redioni kwamba dunia ina uhaba wa marubani, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: penye uhaba pana kazi, na penye kazi pana mshahara.

Habari ile haikuwa uongo. Mashirika ya Ghuba, yenye mishahara isiyokatwa kodi, yalikuwa yakichukua marubani kutoka kila bara. Shirika letu la taifa, lililofufuliwa mwaka 2016, lilipokea Boeing 787 mwaka ule ule wa 2018. Lakini aliyekuwa haba ni rubani mkuu, si mwanafunzi. Leseni ya kwanza ya biashara hupatikana kwa saa 200 hivi za kuruka. Leseni ya juu, impayo mtu haki ya kuwa mkuu wa ndege kubwa ya abiria, hudai saa 1,500. Baina ya namba hizi mbili pana jangwa. Mwenye ndege hutaka mtu mwenye saa, kwani bima humwuliza saa hizo. Na saa hazipatikani ila kwa mwenye ndege.

Zamani mzigo huu haukuwa wa baba mmoja. Mwaka 1971 chuo cha urubani kilianzishwa Soroti, Uganda, kwa ajili ya vijana wa Afrika Mashariki yote. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika letu la pamoja la ndege lilikufa, na chuo kikabaki mikononi mwa Uganda. Nathubutu kusema kwamba siku zile tulipoteza zaidi ya ndege.

Nusu ya kihamba iliuzwa. Binti alisoma Afrika ya Kusini, akarudi na leseni mwanzoni mwa mwaka 2020. Na msomaji akumbuka mwaka ule ulivyokuwa. Korona ilizisimamisha ndege dunia nzima. Marubani wenye maelfu ya saa walirudishwa nyumbani, seuze yeye mwenye mia mbili na kidogo! Watalii walipoanza kurejea, alipata kazi uwanjani ya kupima mizigo na kuandika majina ya abiria. Kwa mshahara ule alilipia uchunguzi wa afya wa kila mwaka, leseni isife. "Baba mdogo," aliniambia, "mimi ni rubani wa mizani."

Mwaka 2022 kampuni moja ilimpa kiti cha rubani msaidizi. Ujira ni mdogo kuliko majirani wadhaniavyo, na masika, watalii wakipungua, saa nazo hupungua. Alitia sahihi mkataba kwamba akiondoka kabla ya miaka mitatu atarudisha gharama za mafunzo aliyopewa. Mkataba wa namna hii siuoni kuwa dhuluma, kwani kampuni ndogo huwalea marubani na kampuni kubwa huwavuna. Nalaumu tu kwamba mlipaji wa vita hivyo ni kijana aliye chini kabisa.

Sasa miaka mitatu imekwisha, na barua ya kuomba kazi Ghuba imeandikwa, haijapelekwa. Mama yake hataki. Kaka yangu hasemi neno. Yeye huuliza saa tu, kama mtu aulizaye bei ya kahawa. Juma lililopita binti alinifunulia kitabu chake cha safari: saa 1,140. Aliyenunua nusu ya kihamba amekwisha kung'oa mibuni, anajenga.