Njia ya Birdsville, Nyikani mwa Australia

Walimu wengi huwaonyesha watoto ramani ya Australia, na watoto huona miji mikubwa imekaa pwani, bali katikati pamebaki peupe. Mimi nimepita hapo peupe kwa motokaa, nami napenda kuwapasha habari zake.

Njia huanzia Marree, katika Australia ya Kusini, ikaishia Birdsville, katika Queensland, mwendo wa kilometa 517. Katika karne ya 19 wachunga waliswaga ng'ombe njia hii hata kufika kwenye reli ya Marree. Serikali ikachimba visima virefu njiani ili wanyama wasife kwa kiu, na maji ya visima vingine hutoka ya moto. Marree palikuwa pia kituo cha ngamia. Wenye ngamia, watu wa Afghanistan na Bara Hindi, walijenga hapo msikiti wa udongo.

Mbele yake ni Cooper Creek. Mvua ikinyesha sana mbali huko Queensland, maji huja polepole, siku nyingi baadaye, chini ya mbingu isiyo na wingu, yakaikata njia. Ndipo magari huvushwa kwa kivuko. Sisi tulikuta mchanga mtupu. Kando ya mto huu Walutheri wa Kijerumani walikuwa na kituo, Killalpaninna, tangu 1866 hata 1915, kati ya Wadiyari. Agano Jipya la Kidiyari, lililopigwa chapa 1897, ndilo la kwanza kutimia katika lugha yo yote ya wenyeji wa Australia.

Kisha likaja jangwa la mawe, lililopewa jina la Sturt, msafiri aliyelifikia 1845. Mawe yake ni mekundu kama kutu, yamesuguliwa na upepo hata yang'aa, na ncha zake ni kali. Asubuhi yalipasua mpira mmoja wa gari. Saa nane mchana yakapasua miwili pamoja. Akiba ilikuwa imekwisha. Simu zetu hazikupata mawimbi, na simu ya setilaiti hatukuchukua. Kosa hilo lilikuwa letu.

Tulikuwa watatu: mwenye gari, mpwa wake, na mimi. Yule kijana akasema, "Mjomba, nipe chupa moja ya maji. Shamba la ng'ombe halipo mbali, nitafika kabla ya jua kuchwa."

Mjomba akamjibu, "Keti kivulini."

Kijana akanung'unika. Ndipo mzee akatusimulia habari ya Desemba 1963. Jamaa moja, baba, mama na wana watatu, walipotea katika njia hii hii, petroli ikawaishia, wakaliacha gari lao. Wote watano walikufa kwa kiu. "Motokaa huonekana toka mbali, hata toka angani," akasema. "Mtu haonekani."

Tukalala hapo. Usiku wa Julai ni baridi kali, wala sikulala sana. Saa tatu asubuhi tukaona vumbi: lori la ng'ombe lenye matela matatu. Dereva akatupelekea habari mbele, na jioni tukaletewa mipira.

Tulipofika Birdsville kijana akaomba ramani, akapima kwa kidole. Shamba lile lilikuwa kilometa 43 toka pale tulipokwama. Akaikunja ramani, akamrudishia mjomba wake, asiseme neno.