Tungule la Shangazi

Jumatatu, 4 Agosti
Nimempitia shangazi baada ya alasiri. Kofia yake ya viua iko palepale juu ya kabati, imekunjwa ndani ya kitambaa, sindano imechomekwa ukingoni. Nikaichomoa. Kutu tupu. Imeacha doa kwenye bafta nyeupe. Sikumwambia. Jicho lake la kulia linabahatisha mwanga tu, la kushoto ukungu. Hospitali ni Alhamisi ya wiki ijayo. Yeye anasema haogopi. Naogopa mimi.

Sindano zake huchomeka popote: kwenye pazia, kwenye godoro, kwenye kanga aliyojifunga. Umri wote ule wa kushona, hana kimto! Nitamshonea. Siyo cha kununua.

Jumanne, 5 Agosti, usiku
Nimechora kimto. Tungule. Lile jekundu la vipande vinane walilolipenda Waingereza na Wamarekani enzi za Malkia Victoria, na mpaka leo linauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kushonea. La kwao huning'inizwa stroberi ndogo yenye unga wa jiwe la kunolea ndani. Unachoma sindano humo, unachomoa, imesafika na ncha imerudi. Mimi nitaning'iniza pilipili. Pilipili nyekundu, kikonyo kijani. Shangazi hajala stroberi maisha yake yote, na ninataka akiishika ajue ni kitu gani kabla sijamwambia.

Jumatano, 6 Agosti
Sokoni Darajani, kutafuta sufi. Kila duka sponji, sponji, sponji. Mwishowe fundi mmoja wa magodoro akaingia ndani, akatoka na gunia la nyuma kabisa. "Bi mkubwa, siku hizi nani anaulizia sufi?" Mimi.

Naulizia kwa sababu unywele wa sufi una nta, maji hayauingii. Ndiyo iliyokuwa ikijazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu melini. Pamba inanyonya unyevu, na kwa hewa yetu hii ya bahari, sindano iliyolala kwenye pamba haimalizi masika. Sponji nayo inaing'ang'ania sindano. Sufi tu.

Jioni kuchambua. Feni nimezima, madirisha nimefunga, mtandio puani, natoa mbegu nyeusi mojamoja. Binti yangu kaja kutoka chuoni, kafungua mlango kwa nguvu zake zote. Sufi yote ikainuka! Kwenye nyusi, kwenye nywele, kwenye chai. Tumecheka mpaka tukakaa chini. Siku nyingi sijacheka hivyo.

Ijumaa, 8 Agosti
Mchanga wa kujaza pilipili, badala ya unga wa jiwe. Wa pwani ni laini lakini una chumvi, na chumvi ndiyo mama wa kutu. Nimeuosha kwa maji baridi, nikaonja, nikaosha tena, mpaka ulimi ukakubali. Kisha kikaango kikavu, moto mdogo, kukoroga. Kisha chujio. Mfuko wa ndani ni bafta iliyofumwa kubana, mshono umerudiwa mara mbili. Mchanga ukipata tundu la pini utatoka wote.

Nimelala usingizi wa mang'amung'amu.

Jumapili, 10 Agosti
Kanga ya marehemu mama. Nyekundu. Imetoboka katikati, pindo zima, jina zima. Nimeizunguka na mkasi asubuhi nzima. Mama na shangazi, wifi na wifi, walikuwa wakiazimana hii kanga kila harusi. Nimekata kando ya tundu, duara la shubiri moja. Jina sikuligusa. Nimelikunja nikalirudisha sandukuni.

Kanga iliyofuliwa miaka mingi hulegea, sufi itapenya, kwa hiyo nimeiwekea bafta chini. Bandi ukingoni kwa uzi wa mara mbili, vuta, mdomo ukajikusanya. Halafu kujaza. Sufi inadanganya jamani! Unaona pamejaa, unabonyeza, pako wazi. Jaza tena, sukuma kwa mpini wa mwiko, jaza tena. Kimto laini hakifai, sindano hulala. Lazima kiwe kigumu mpaka kidole kikatae. Katikati kabisa nimeweka karafuu za Pemba, kavu, zenye vichwa vyake. Nyumba nzima inanukia.

Jumanne, 12 Agosti
Vipande vinane. Sindano ndefu ya magodoro, uzi mnene wa kijani: chini katikati, tokea juu, zunguka ubavuni, rudi chini, vuta. Kila ukivuta, bonde linazaliwa. Kimoja kimenenepa kuliko wenzake na nimekiacha. Tungule la shamba halina vipimo. Majani nimekata kwenye sweta la skuli la zamani, matano.

Binti yangu anasoma kwa sauti, mtihani uko karibu. Adam Smith, 1776: kiwanda cha pini, watu kumi, pini 48,000 kwa siku, kwa sababu kila mmoja ana kipande chake cha kazi. Mmoja anavuta waya, mwingine ananyoosha, mwingine anakata, mwingine ananoa ncha. Kumbe pini peke yake hatua kama 18! Akaniuliza, mama, kazi yako hiyo ungeigawaje? Nikamwambia kazi hii siigawi na mtu.

Keshokutwa.

Alhamisi, 14 Agosti
Benchi la hospitali. Nimeshonea pilipili hapo hapo, mikono inatetemeka, mishono ya kikonyo imekwenda upande. Ya Rabbi. Mlango unafunguka, siye. Unafunguka, siye. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akaomba aishike, akaipapasa kimya, akanirudishia.

Kaja na jicho limefungwa. "Mwanangu, nina njaa." Alhamdulillahi.

Jumamosi, 16 Agosti
Jana wamemfungua. Leo nimempa tungule.

Hakuuliza kitu. Kalisogeza karibu, kalipeleka mbali, karibu tena. "Hii kanga ya mama yako." Nilikuwa sijasema neno! Kisha akalinusa, akasema karafuu. Kisha akaishika pilipili kwa vidole viwili, akacheka yule shangazi wa zamani, wa kabla ya ukungu.

Daktari amekataza: kuinama, kunyanyua mzigo, kufikicha jicho, na dawa ya matone asikose. Kushona bado. Nimempangia sindano hata hivyo, kipande cha kwanza nambari 9, zile nyembamba za kofia, vingine nene kwa nene. Zote nimezitunga uzi kabisa. Asihangaike na tundu.

Jumanne, 19 Agosti
Kofia nimeichukua kwangu. Ndimu na chumvi, juani. Doa limepauka, bado kivuli. Kesho tena. Kusi linavuma, kamba ya nguo haitulii.

Jumanne, 26 Agosti
Daktari amemruhusu kidogo kidogo. Shangazi kashona mstari mmoja wa viua, polepole, mgongo umeegemea mto, tungule kwenye paja. Kila akimaliza uzi, anachomoa sindano nyingine bila kutazama. Mkono unajua mahali pake. Nimekaa kumwangalia kama mtoto anayengoja zamu yake. Maulidi haiko mbali na mjukuu anataka kofia. Haitawahi, naye shangazi kasema haitawahi, mjukuu atangoja.

Jirani fundi wa cherehani kaliona, analitaka la kuvaa mkononi, lenye lastiki. Shangazi akadakia: "Muuzie. Usimpe bure." Hapa yuko sahihi. Kazi ya siku nyingi, na sufi ile haiokotwi. Bei nimemtajia, kakubali. Kesho narudi Darajani kwa yule fundi, nimwambie asiliuze gunia lote.