Iache Ilie

Siku ile nilikaribia kutuua, mimi na anko pamoja na magunia manne ya karoti, kwa sababu niliogopa kelele.

Ulikuwa mwezi wa tano tangu niache chuo. Nilikuwa mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo, na sababu zangu nilikuwa nimezipanga kichwani kama mtu anayengoja kuulizwa: karo imekwama, masomo hayaingii, nimeanza kulipwa kuandika. Mama alisema nimebadilisha gia angani. Anko, ambaye aliuza ng'ombe ili nimalize mwaka wa pili, hakusema kitu. Alinipigia simu tu kuuliza kama bado nina leseni. Dereva wake alikuwa amemtoroka. Basi nikawa dereva: alfajiri mara tatu kwa wiki, Njabini hadi sokoni Nairobi, mchana nalala, usiku naandikia watu makala.

Gari lilikuwa Probox ya manyuali, ile ya zamani, gia tano. Yetu haikuwa na mita ya kuonyesha mizunguko ya injini. Ilikuonyesha spidi na mafuta, basi. Mengine ulisikiliza mwenyewe.

Na mimi kusikiliza nilifunzwa vibaya. Pale shule ya udereva mwalimu alikuwa na wimbo mmoja: ikinguruma weka ya pili, ikinguruma tena weka ya tatu. Kwa mjini hakukosea. Ukibadilisha mapema, mizunguko ikiwa 2,000 au 2,500 kwa dakika, unaokoa mafuta na abiria hamwagi chai. Lakini mimi nilitoka pale nikiamini kwamba injini ikilia inaumia, na kazi yangu ni kuinyamazisha haraka.

Ukitoka Njabini unaingia barabara kuu ya Nakuru pale Flyover, halafu unashika Kimende, Rironi, Nairobi. Barabara ilikuwa njia moja kwenda, moja kurudi, na malori hayaishi. Tulikuwa nyuma ya trela lililokuwa likipanda kilima polepole kama mzee mwenye magoti mabaya. Mbele kulikuwa na nafasi ndefu, mistari inaruhusu.

"Angusha mpaka ya pili, upite huyu," anko akasema.

Nikaangusha. Nikakanyaga mafuta mpaka chini, nikatoka upande wa pili. Gari likaruka vizuri. Tulipofika katikati ya trela, injini ikaanza kulia, sauti nyembamba inayopanda, na mkono wangu ukaenda kwenye gia wenyewe. Nikaweka ya tatu.

Kimya. Na pamoja na kelele, nguvu zote zikaenda. Mguu uko chini kabisa na gari halivuti. Magurudumu ya trela yako karibu na dirisha la anko, na kule juu ya kilima taa za basi zimetokea, zinawaka na kuzima. Nilirudisha ya pili kwa pupa, gari likatikisika, likavuta. Tuliingia mbele ya trela huku basi likipita na honi ndefu ambayo ningali naisikia.

Anko hakupiga kelele. Aliniambia nisimame mahali papana. Nikasimama. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, nikaiweka chini ya mapaja.

"Kwa nini ulipandisha?"

"Ilikuwa inalia, anko."

"Si iache ilie! Hiyo ndiyo saa inafanya kazi."

Aibu yangu ni kwamba nilijua. Nilikuwa nimechora hiyo grafu kwenye mtihani. Injini ya lita 1.5 kama ile hutoa nguvu zake zote karibu na mizunguko 6,000 kwa dakika. Ukitoka gia ya pili kwenda ya tatu katika gari dogo, mizunguko huanguka karibu theluthi. Ukibadilisha kwenye 6,000 unaangukia takribani 4,000, mahali injini bado ina misuli. Ukibadilisha kwenye 3,500, kama nilivyofanya mimi, unaangukia kama 2,400, na hapo hakuna kitu. Tena gia ya chini huzidisha msukumo unaofika kwenye magurudumu. Kwa hiyo ukitaka kuongeza mwendo haraka, unakaa kwenye gia hiyo mpaka injini ianze kuishiwa pumzi, ndipo unapandisha.

Halafu kuna hewa. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda juu ya bahari, na kule tulikuwa zaidi ya mita 2,000. Ongeza magunia. Hatukuwa na nguvu ya kuchezea.

Anko hajui grafu. Yeye alinieleza hivi: injini ikishapata moto wake, kulia kwa sekunde chache hakuiui. Ikizidisha, kompyuta yake inaikatia mafuta. Kinachoua ni kuangusha gia ya chini sana ukiwa kasi, maana hapo magurudumu ndiyo yanaiburuta injini, na hakuna kompyuta itakusaidia. Na ukipandisha, pandisha mara moja: toa mafuta, klachi, gia, rudi. Usivute kama unang'oa jino.

Kisha akatazama mbele, kwa sauti ileile ya gia na klachi, akasema, "Hata chuo ulitoka hivi. Ilianza kulia, ukaogopa."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na zile sababu zangu, nimezipanga. Karo ilikuwa imekwama kweli. Lakini pia ni kweli kwamba muhula ule wa mwisho nilikuwa nimefeli karatasi mbili, mara yangu ya kwanza maishani kufeli, na sikungoja kuona kama ningeweza kuzirudia. Hiyo sikuwa nimeiambia hata mama. Sikujibu. Nikawasha gari.

Wiki iliyofuata tukakuta trela lingine, karibu palepale. Niliangusha ya pili nikiwa bado nyuma yake, nikaangalia mbele mara mbili, nikatoka. Injini ikaanza kulia. Mkono ukataka kwenda. Nikaubana kwenye usukani. Ikalia zaidi, karoti zikatikisika, trela likarudi nyuma, nikaliona lote kwenye kioo.

"Sasa," anko akasema.

Nikaweka ya tatu. Gari likaendelea kuvuta kana kwamba halijaguswa. Nikarudi upande wangu.

Tulifika karibu Kimende kabla hajasema tena.

"Karo ya mwaka mmoja ni pesa ngapi?"

Nikamtajia. Akanyamaza, akitazama mashamba, midomo ikicheza kidogo kama mtu anayehesabu magunia. Nikaweka ya nne.