Mapanga ya Bic Nyekundu

Maringo, Jumatatu 3 Machi 2025

Jirani yangu alikuja jioni na daftari la mwanawe. Ijumaa kijana alifikishwa Korti ya Makadara kwa tuhuma za mauaji. Hajasomewa shtaka, imeagizwa apelekwe Hospitali ya Mathari akapimwe akili kwanza. Kurasa za nyuma zimejaa mapanga yaliyochorwa kwa bic nyekundu, kila mpini umetiwa kivuli kwa subira. "Sista, wakiona hii si watasema alizaliwa muuaji?" Nikamwambia ampelekee daktari, pamoja na kadi ya kliniki.

Jumatano 5 Machi

Kwenye ploti wameshaamua: alipenda sinema za damu, kwa hivyo ni hulka yake. Vijana wangapi wa mitaa ya Hamza na Jericho wanazitazama sinema hizohizo! Orodha ya Robert Hare wa Kanada, inayopima hulka ya kutojali wala kujuta, ina vipengele 20, kila kimoja alama 0 hadi 2, na hakuna hata kimoja kinachouliza mtu anachora nini. HCR-20, inayopima hatari ya mtu kufanya ukatili, inauliza kuhusu mawazo na nia ya ukatili, lakini hilo ni swali moja kati ya 20. Kumi ni ya historia: aliwahi kumpiga nani, alianza akiwa na umri gani, pombe, bangi.

Nami nilipokuwa muuguzi wadini nilikuwa nikiuliza hivi: mawazo hayo yana jina la mtu? Umewahi kumfuata? Sauti zinakuamrisha, au mawazo yenyewe yanakupa raha? Anayeamrishwa na sauti na anayefurahia hawatibiwi kwa njia moja, hata kama michoro yao inafanana.

Jumamosi 8 Machi

Kusoma hulka kwa pupa kuna historia chungu hapa kwetu. J.C. Carothers hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipokabidhiwa Mathari mwaka 1938. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alitufananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikamtaka aandike kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Ardhi iliyonyang'anywa ikageuzwa kasoro ya vichwa vyetu, na Aprili mwaka huohuo Operesheni Anvil ikazoa watu Eastlands kwa maelfu. Nikisikia "ni hulka yake" nakumbuka hayo, na nakasirika.

Jumanne 11 Machi

Jirani, mama wa kijana, ameniuliza itakuwaje mwanawe akipatikana alitenda akiwa mgonjwa. Kwa miaka mingi kifungu cha 166 cha sheria ya taratibu za kesi za jinai kilimweka mtu wa aina hiyo kizuizini kwa hiari ya Rais, bila kikomo. Mahakama Kuu ilikipinga Meru mwaka 2016, na tena Nairobi mwaka 2022. Nimemshauri amwombe wakili aulizie mapema: nani atapitia hali ya kijana, na kila baada ya muda gani? Pia aandike tarehe ambayo kijana aliacha sindano zake za kliniki. Anaikumbuka: ilikuwa wiki moja baada ya mazishi ya babake, na tangu hapo kijana hakuwa akilala.