Kilwa Kisiwani, Mji Uliokuwa wa Mawe

Sisi wa Rutamba tukisema tunakwenda mjini, tunakwenda Lindi. Lakini mkoa wetu una mji mwingine, wa kale sana. Mji huo ni Kilwa Kisiwani.

Kutoka Lindi unashika barabara ya kaskazini mpaka Nangurukuru. Hapo unageuka kulia kwenda Kilwa Masoko. Unachukua kibali, kisha unavuka kwa mashua. Safari ya majini si ndefu.

Kwanza unaona Gereza. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji, wakaupora, wakajenga ngome. Ngome tunayoiona leo ni ya baadaye. Ilijengwa na Waarabu wa Omani karibu na mwaka 1800.

Kabla ya Wareno palikuwa na utajiri. Dhahabu kutoka Sofala, huko Msumbiji, ilipitia Kilwa. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331. Alieleza kuwa nyumba zilikuwa za miti. Lakini wakubwa walijenga kwa mawe. Katika karne hiyo ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa. Jumba hilo lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pembe nane. Sultani huyo pia aliupanua Msikiti Mkuu.

Mimi ni bwana shamba, si mwashi. Hata hivyo ujenzi wao ulinishangaza. Walikata matumbawe, wakayapanga kuwa kuta. Mengine waliyachoma kwa kuni wakapata chokaa. Dari waliilaza juu ya boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni ngumu, ila ni fupi. Ndiyo sababu vyumba vyao ni virefu na vyembamba. Msikitini mafundi walijenga makuba juu ya nguzo za mawe.

Leo wanakijiji wanaishi katikati ya magofu hayo. Nyumba nyingi ni za miti na udongo. Vijia vinapita kando ya kuta za masultani. (Mchwa nao wapo, kama kwetu.)

Mwaka 1981 UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kuta zilikuwa zinaanguka. Mvua ilizilowesha, mizizi ilizipasua, na bahari ilimega ufuko. Sehemu ya Gereza imekwisha kuliwa na maji. Baada ya kazi kubwa ya kukarabati, yalitolewa katika orodha hiyo mwaka 2014.

Lakini bahari haijaondoka. Mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi na kushika udongo. Mtu akiikata ufukweni ili apate boriti au kuni, mawimbi yanaifikia nchi kavu. Vilevile mwenye kujenga nyumba huona mawe ya bure ukutani. Namwelewa, maana saruji ni ghali. Ila jiwe la chini likitolewa, la juu linafuata.